Kongosho na Maumivu Yake ya Ghafula



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za kiungo kimoja cha mwili ambacho wengi wetu hatukijui hata kwa jina. Moyo twaujua, maana twausikia ukipiga. Ini twalijua, maana twaliona buchani. Lakini kongosho imejificha nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, nayo hufanya kazi yake kimya tangu mtu azaliwapo hata siku ya kufa kwake. Mtu huweza kuishi miaka mingi asijue ya kuwa anayo. Siku inapoumia ndipo ajuapo, na siku hiyo asipopelekwa hospitali upesi, huenda ikawa ni siku ya hatari kubwa kwake.

Sisi ni walimu, si waganga. Kazi yetu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Lakini yametokea mambo mawili katika nchi yetu hii ya Songwe yaliyotulazimisha kuwauliza madaktari na kufungua vitabu, na tuliyoyapata twaona ni vibaya kuyaweka mfukoni.

Jambo la kwanza lilitokea Tunduma. Wanaoujua mji ule wajua jinsi malori yanavyopanga foleni kungojea kuvuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Ndugu yake mwenzetu mmoja alikuwa dereva wa lori kama hizo. Alikuwa amengoja siku tatu. Jioni ya siku ya tatu alikula nyama choma na wenziwe, wakanywa pombe kali hata usiku mwingi, kama ilivyokuwa desturi yake ya miaka mingi. Alfajiri akaamka ameshika tumbo, hawezi kunyoka. Alitapika mara nyingi, na kila akitapika maumivu hayakupungua. Wenziwe wakasema, “Hivi ni vidonda vya tumbo.” Wakamnunulia dawa ya vidonda dukani. Wengine wakasema amelishwa kitu, akatafutiwa mizizi. Siku mbili alilala chini ya lori lake. Alipofikishwa hospitali alikuwa anahema, mikono baridi, na mkojo umekoma. Siku ya nne akafariki. Daktari alimwambia mwenzetu kwa upole, “Angeletwa alfajiri ile, tungekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumsaidia.”

Jambo la pili lilimpata mke wa mwalimu mwenzetu, mama wa watoto watano, ambaye hajaonja pombe maisha yake yote. Mwaka mzima alikuwa akisikia maumivu chini ya mbavu za kulia kila alapo chakula cha mafuta mengi, naye akinyamaza. Usiku mmoja maumivu yakaja kwa nguvu, yakapenya hata mgongoni. Mumewe hakungoja kuche. Alimchukua usiku ule ule. Madaktari wakamwekea maji mshipani, wakamtuliza maumivu, wakampima, na kwa muda wa juma moja akarudi nyumbani mzima. Lakini habari ilikuwa imetangulia kufika. Watu walikwisha sikia ya kuwa ni ugonjwa wa kongosho, na wote wakajua, au wakadhani wamejua, ya kuwa huo ni ugonjwa wa walevi. “Kumbe mama naye!” wakasema. Yule mama akaacha kukaa pamoja na wanawake wenziwe, na kwaya akaiacha. Nasi hatuwezi kujitoa katika lawama hiyo, maana baadhi yetu tulicheka pamoja na waliocheka.

Basi watu wawili, ugonjwa mmoja, sababu mbalimbali. Mmoja alikufa kwa kuchelewa, na mmoja alipona akaumizwa na maneno. Tukiyafahamu vizuri mambo ya kongosho, twaweza kuyapunguza yote mawili.

Kwanza tuitazame kongosho yenyewe. Ni nyama laini, ndefu, nyembamba. Kwa mtu mzima urefu wake ni kiasi cha sentimita 15. Ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutia katika damu insulini, ambayo huuwezesha mwili kuitumia sukari. Insulini ikikosekana, mtu hupata kisukari. Mwaka 1921, mjini Toronto katika Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kuitoa insulini katika kongosho za wanyama, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari akadungwa dawa hiyo, akapata nguvu tena. Tangu hapo watu wasiohesabika wameishi kwa sababu ya kazi hii moja ya kongosho.

Kazi ya pili ni kutengeneza maji makali ya kuyeyushia chakula. Kila siku kongosho hutoa zaidi ya lita moja ya maji hayo. Ndani yake mna vimeng'enya, vingine vya kuvunja mafuta, vingine vya kuvunja wanga wa ugali na viazi, na vingine vya kuvunja nyama na maharagwe. Maji hayo hupita katika mfereji mdogo ulioonekana kwanza na Johann Georg Wirsung, mjini Padua katika Italia, mwaka 1642, na kumwagika mwanzo wa utumbo mwembamba.

Hapa msikilizaji ataweza kuuliza: ikiwa maji hayo huyeyusha nyama, na kongosho nayo ni nyama, mbona haijiyeyushi yenyewe? Swali hili ni jema, na jibu lake ndilo ufunguo wa ugonjwa wote. Wakazi wa Tunduma wameona malori ya petroli yakipita kwenda Zambia na Kongo. Petroli ile ni moto mtupu, lakini imefungwa na kutiwa lakiri, wala haifunguliwi njiani. Hufunguliwa ifikapo mwisho wa safari. Vimeng'enya vya kongosho vivunjavyo nyama vimefanywa hivyo hivyo. Hutoka katika kongosho vimefungwa, havina ukali, navyo hufunguliwa vikisha fika utumboni. Maadamu njia ni wazi na lakiri ni nzima, hapana hatari.

Lakini njia ikiziba, au lakiri ikivunjika kabla ya wakati, vimeng'enya huamka vingali ndani ya kongosho. Hapo kongosho huanza kujiyeyusha yenyewe. Huvimba, hujaa maji, na mishipa yake ya damu huvuja. Ugonjwa ukizidi, sehemu yake hufa, na sumu zake huenea katika damu, zikadhuru mapafu na figo. Huo ndio uvimbe wa ghafula wa kongosho. Mwaka 1889 daktari Reginald Fitz wa Boston, katika Marekani, aliandika kwa kirefu dalili zake, ili madaktari waweze kuutambua mgonjwa angali hai.

Sasa, ni nini kinachoziba njia au kuvunja lakiri? Sababu ni nyingi, lakini mbili zimezipita nyingine zote.

Ya kwanza ni mawe ya nyongo. Kutoka Mbeya barabara yaja Tunduma, na kutoka Sumbawanga barabara nyingine yaja Tunduma, na zote mbili hukutana karibu na mlango wa mpaka. Lori moja likiharibika pale mlangoni, njia zote mbili husimama. Mfereji wa nyongo na mfereji wa kongosho nao huja kila mmoja kutoka kwake, na kwa watu wengi hukutana penye mlango mmoja mdogo wa utumbo. Wakati mwingine nyongo huganda katika mfuko wake ikawa mawe. Jiwe kubwa huweza kukaa mfukoni miaka mingi. Jiwe dogo ndilo hushuka na kukwama mlangoni. Daktari Eugene Opie wa Baltimore alilionyesha jambo hili mwaka 1901, alipolikuta jiwe dogo limekwama hapo hapo katika maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa huu. Mawe ya nyongo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa waliozaa mara nyingi, na watu wanene, na wale wanaojikondesha kwa haraka mno. Hata mtu asiyeonja pombe huweza kuyapata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama tuliyemtaja.

Ya pili ni pombe. Si kila mnywaji hupatwa, lakini mtu anywaye sana kwa miaka mingi huitesa kongosho yake pole pole, hata siku moja ikawaka. Wala kongosho haiulizi chupa imetoka wapi. Gongo ya kijijini, komoni ya kilabuni, bia ya dukani na pombe kali ya bei kubwa, zote zina kileo kimoja. Tofauti ni wingi wake. Sisi tukaao mpakani twakumbuka jinsi pombe kali ilivyouzwa katika vifuko vidogo, bei yake ndogo, hata kijana wa shule aliweza kukificha katika kiganja. Zambia walivipiga marufuku mwaka 2012. Huko viliitwa tujilijili. Kwetu viliitwa viroba, na Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Tulishukuru. Lakini kifuko kikiondoka, na desturi ikabaki, madhara hayaondoki. Na tumbaku nayo huongeza hatari, kwa anywaye na kwa asiyekunywa.

Sababu nyingine tutazitaja kwa ufupi. Mafuta katika damu yakizidi mno huweza kuiwasha kongosho, na hayo huonekana zaidi kwa wenye kisukari kisichotunzwa na kwa watu wengine ambao ni urithi wa ukoo wao. Dawa chache za hospitali huweza kuleta ugonjwa huu kwa baadhi ya watu. Matubwitubwi huweza kuuleta. Pigo kubwa la tumbo, kama mtoto akianguka juu ya usukani wa baiskeli, huweza kuuleta. Hata minyoo ile mirefu ya tumboni yaweza kupanda na kuingia katika mfereji, ikauziba. Na wako wagonjwa ambao madaktari hutafuta sababu wasiione. Kwa hiyo tusimhukumu mtu kabla ya kumjua.

Sasa twaomba msikilize kwa makini zaidi, maana tutasema habari za dalili. Maumivu huanza sehemu ya juu ya tumbo, chini ya kifua, mara nyingi kwa ghafula, nayo hayaji na kuondoka kama msokoto wa tumbo bali hukaa na kuzidi. Kwa wengi hupenya hata mgongoni. Mgonjwa akilala chali huumia zaidi. Akikaa na kuinama mbele hupata nafuu kidogo. Hutapika, na kutapika hakumpi raha. Tumbo huvimba na kuwa gumu akiguswa. Labda ana homa, na moyo wake hupiga mbio. Pengine macho yake hugeuka rangi ya manjano, na hiyo ni ishara ya kuwa njia ya nyongo imezibwa. Akianza kuhema, au kuzimia, au kuchanganyikiwa, au kukosa mkojo, ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa.

Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine. Kidonda cha tumbo kilichotoboka huumiza namna hiyo, na ugonjwa wa moyo huweza kuumiza hapo hapo. Watu husema, “Ni vidonda tu,” wakanunua dawa, wakangoja. Sisi twasema: maumivu makali ya juu ya tumbo, yasiyokoma, pamoja na kutapika, hayangojwi, yakiwa ni ya kongosho au si ya kongosho. Katika magonjwa yote tuliyoyataja, hakuna hata moja linalofaa kungojewa nyumbani. Kazi ya kuyapambanua ni ya daktari.

Basi yampasa mtu afanye nini? Asimpe mgonjwa pombe ya “kupoza tumbo,” wala mizizi, wala dawa ya kuharisha. Asimlazimishe kula. Ampeleke hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku. Mtu wa Tunduma au wa Mbozi ana barabara kuu mlangoni pake. Hospitali iko Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu ulioanzishwa mwaka 2016, na wanaohitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka mpakani. Mtu wa Kamsamba, kule bonde la Rukwa, au wa milima ya Ileje, ana safari ndefu zaidi. Kwa hiyo yeye hasa asipoteze saa. Aende kwanza kituo cha afya kilicho karibu, apate kuanzishiwa maji mshipani, kisha asafirishwe.

Na akifika mbele ya daktari, aseme kweli. Kama amekunywa, aseme amekunywa nini, na kwa miaka mingapi. Daktari hamwulizi ili amhukumu. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafula huweza kutetemeka na hata kupata kifafa, na daktari akijua mapema humkinga. Aonyeshe pia dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji. Wahenga walisema, “Mficha maradhi kilio humwumbua.”

Madaktari huutambua ugonjwa huu wakiona mambo mawili katika matatu: maumivu ya namna tuliyoeleza, vimeng'enya vya kongosho katika damu vilivyozidi mara tatu ya mpaka wa kawaida, na picha ya tumbo ionyeshayo uvimbe. Kwa kila mgonjwa hufaa pia kupima kwa mashine ya picha za mawimbi ya sauti, ili kutafuta mawe ya nyongo.

Wengi huuliza, je, kuna dawa yake? Hapana kidonge wala sindano iuzimayo moto wa kongosho yenyewe. Lakini hii haimaanishi ya kuwa hospitali haina la kufanya. Maji ya damu hutoroka na kuingia katika uvimbe. Asiporudishiwa maji, figo zake hukauka. Kwa hiyo hutiwa maji mshipani kwa kipimo, maana yakizidi mno nayo hudhuru. Hutulizwa maumivu. Hupewa hewa ya oksijeni akiihitaji. Zamani wagonjwa walinyimwa chakula siku nyingi. Siku hizi imeonekana ni afadhali waanze kula chakula laini kisicho na mafuta mengi mara wawezapo. Dawa za kuua vijidudu hawapewi wote, ila wale ambao vijidudu vimeingia. Na mwenye mawe ya nyongo hushauriwa kutolewa mfuko wa nyongo, ili jiwe jingine lisije likashuka. Katika wagonjwa 10, karibu 8 hupata ugonjwa mwepesi na kupona kwa siku chache. Lakini mtu aliyelala nyumbani hawezi kujua kama yeye ni katika wale 8 au katika wale 2.

Sasa tumalize kwa kusema jinsi ya kuitunza kongosho ingali nzima.

Kwanza, pombe. Aliyekwisha kupatwa na ugonjwa huu kwa ajili ya pombe, aiache kabisa. Akirudi kunywa, ugonjwa nao hurudi, na kila mara huacha kovu, hata mwisho kongosho ikashindwa kazi zake zote mbili, mtu akakonda na kupata kisukari. Ambaye hajapatwa, asingoje kupatwa.

Pili, tumbaku. Aivutaye aiache.

Tatu, chakula. Nchi yetu haina njaa ya vyakula vyema. Mbozi na Ileje twalima mahindi, maharagwe, ndizi, viazi na mboga za kila namna, na ziwa Rukwa hutupa samaki. Chakula hicho cha wazee wetu ni rafiki wa kongosho. Chipsi na nyama za kukaangwa kila siku, pamoja na soda, huleta unene, na unene huleta mawe ya nyongo na kisukari. Anayetaka kupungua apungue pole pole.

Nne, mwenye kisukari atunze dawa zake na kwenda kupimwa kwa wakati wake. Na watoto wapewe dawa ya minyoo, wanawe mikono, na watu watumie vyoo.

Tano, anayesikia maumivu chini ya mbavu za kulia kila alapo mafuta asinyamaze mwaka mzima kama yule mama. Akapimwe. Jiwe lijulikanalo mapema ni rahisi kuliko jiwe lililokwama.

Na mtu akija mlangoni kwenu kuuza chupa ya dawa ya “kusafisha kongosho,” mwambieni aende zake. Kongosho haisafishwi kwa chupa.

Yule mama amerudi katika kwaya. Tulikwenda nyumbani kwake, baadhi yetu, tukamwomba radhi, kisha tukawaeleza watu habari za mawe ya nyongo kama tulivyowaeleza ninyi jioni hii. Yule dereva hatuwezi kumrudisha. Lakini kesho asubuhi malori yatapanga foleni tena Tunduma, na madereva watalala humo, na mmoja wao huenda akaamka ameshika tumbo. Wenziwe wakiwa wamesikia maneno haya, wamchukue hospitali saa ile ile.